Kidole Hakisomeki

Kazi yangu ni nembo.
Elfu mbili kwa zamu, upande wa kulia wa pakiti,
nabana kwa dole gumba ikae sawa,
maana ikipinda, asema msimamizi Mchopa,
mnunuzi wa ng'ambo atadhani na maneno yamepinda.

Nembo ni ya kijani. Ina jani,
ina kiganja kidogo kilichofunuliwa,
na chini yake herufi za lugha nisiyoisoma.
Nilimwuliza karani wa mizani. Akasoma polepole:
"Korosho hii haikuguswa na mkono wa mtoto."
Nikarudi kubandika.

Mkaguzi huja Juni, mashamba yanapopuliziwa salfa
na Newala nzima inakohoa.
Hupima madirisha, huhesabu glavu,
humwuliza kila mmoja umri wake,
hata Bi Nangumbi, mwenye wajukuu tisa,
akacheka mpaka barakoa ikamvuka.
Sakafu yetu safi. Haki ya Mungu, safi.
Nembo haisemi uongo.
Nembo husema ilichoonyeshwa.

Haikuonyeshwa baiskeli ya Dadi Likapa
usiku ule mashine inapokufa na meli haingoji,
magunia yakitoka mlango wa nyuma
kwenda uani kwa watu.
Huko hakuna sakafu. Kuna mkeka, jiwe, kirungu,
bakuli la majivu ya kupaka mikononi,
na kibatari.
Alfajiri zinarudi, nyeupe, zinapimwa kwa kilo,
na kilo haina umri.

Nayajua haya kwa kuwa niliukalia mkeka ule.
Darasa la tatu. Mama alisema: paka majivu,
usijifute uso.
Nikajifuta uso.
Mafuta ya ganda hayaunguzi kama moto,
moto hukuonya.
Vidole vikachubuka, vikapona, vikachubuka,
hata siku mwalimu Nachilongo aliponiambia nyoosha mkono
akainua fimbo, akakitazama kiganja,
akaniambia kaa chini.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema.
Hawakusema vya mtoto, vyote kumi,
hubangua debe kabla jogoo hajawika.
Debe lile ndilo lililoninunulia sare.
Hili nalo ni kweli,
na sijui nilibandike wapi.

Jumanne nilikwenda kusajili laini ya simu.
Kijana wa wakala akasema, weka dole gumba.
Taa nyekundu.
Futa jasho, mama. Nikafuta. Nyekundu.
Cha shahada. Cha kati. Hata kile kidogo cha mwisho.
Akakifuta kioo kwa shati lake, tukaanza upya,
foleni nyuma yangu ikaguna.
"Mama," akasema kwa upole, "wewe huna alama."

Ninazo, mwanangu. Hazipo hapa tu.
Zilibanduka moja moja, zikashikana na korosho,
zikateremka mlima kwa lori hadi bandari ya Mtwara,
na huko zilikokwenda kuna mtu alizila
akalamba chumvi vidoleni,
vidole vyenye mistari yake yote.

Jioni, nikija zamuni, nilikutana na Somoe wa jirani,
mtoto wa miaka kumi na mmoja.
Zamani alikuwa akikimbia kunipokea mkoba.
"Shikamoo," akasema,
mikono ameiweka nyuma.
Nikaitikia marahaba. Nikapita.
Nimepita, ndiyo. Nami nina watoto,
na Mchopa ana orodha ndefu ya wanaotaka kiti changu.

Sasa ni saa saba usiku na mashine imenyamaza.
Nasikia mnyororo wa baiskeli nyuma ya ghala.
Nimebandika elfu moja na mia nne,
na hii hapa, ya mia nne na moja,
nimeipinda.
Kidogo tu, kiganja kimelalia ubavu
kama mtu anayeficha kitu.
Mchopa amepita na tochi yake.
Ameitazama.
Ameipitisha.